Mbao Kavu za Fundi Kartar

Siku mliyoniaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza, mbele ya sahani za pilau, kwa nini daraja la zamani la kati ya Igawa na Chimala lilikuwa limebonyea kama mgongo wa punda mzee. Nilimjibu kwamba chai inapoa. Haikuwa dharau. Nilikuwa nimechoka, na jibu lenyewe ni refu. Sasa nimekaa nyumbani Mbeya, magoti yananiuma kila mvua ikikaribia, na hakuna wa kunituma popote. Naandika ili nanyi mnaobaki na randa mkononi mjue.

Habari za vyeo nitaziacha. Vyeo nilivyopata vilikuja na funguo za stoo, na funguo za stoo zilikuja na lawama.

Nilianza kazi ya barabara mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi ni Msafwa, nimezaliwa chini ya mlima Loleza. Baba alikwenda kuchimba dhahabu Lupa, akafia hukohuko. Alizikwa na watu ambao hawakujua hata jina lake la nyumbani, na mpaka leo hatujaonyeshwa kaburi. Mama alidhoofika baada ya hapo, akamfuata. Nilikuwa darasa la nne. Nyuma yangu walikuwa Tabitha, Eliya na Sekela. Mama mdogo akawapokea kwa kulala, lakini kula na kuvaa kukawa juu yangu. Niliacha shule bila kumuaga mwalimu, nikabeba zege na kuchunga ng'ombe wa watu mpaka nikapata umri wa kuandikwa kazi ya maana.

Kambi ya barabara ilikuwa kati ya Igawa na Chimala, kando ya mto mmoja mdogo ambao kiangazi unauruka, na masika unakumeza. Walinipeleka kwa fundi seremala, Kalasinga mmoja aliyeitwa Kartar, mzee mrefu mwenye kilemba cha buluu na ndevu zilizofungwa vizuri kuliko mizigo yetu. Hakuniuliza jina. Alinipa ubao wa mninga.

"Piga," akasema.

Niligonga kwa kifundo cha kidole.

"Nasikia nini?"

"Kama mlango, fundi."

"Hapana mlango. Maji. Hii bado nakunywa." Akanipa mwingine. "Piga."

Huu ulilia juu, mkavu, kama mtungi mtupu.

"Hii imemaliza kunywa. Sasa iko tayari kwa kazi. Mbao mbichi ni mwongo. Leo nakuambia iko nyoosha, kesho imepinda, wewe naonekana mjinga."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma mpaka mwisho. Muda mrefu hakuniruhusu kushika msumeno. Kazi yangu ilikuwa kupanga mbao bandani: safu ya mbao, vijiti vya kutenganisha, safu nyingine, vijiti tena, ili upepo upite kila mahali. Ncha za mbao nilizipaka kinyesi cha ng'ombe zisipasuke. Kila baada ya muda nilizishusha zote na kuzipanga upya, za chini zikienda juu. Siku moja nilimwambia kwamba Bwana Inspekta wa barabara anataka daraja la mto ule haraka.

"Inspekta taka haraka," akasema. "Mbao hapana taka haraka. Wewe sikiliza mbao."

Alikuwa mchoyo wa mbao kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja kilichobaki baada ya kukata alikirudisha bandani. Wapishi wakimwomba vipande vya kuwashia moto wakati wa mvua aliwafukuza kwa Kipunjabi, na hawakuhitaji mkalimani.

Nyapara wetu alikuwa Kihwele, Mhehe wa upande wa Kalenga, mtu wa maneno machache anayesimama wima kama nguzo ya simu. Fundi mawe alikuwa Komba, Mngoni kutoka Songea, na yeye hakuwa na neno moja lililokaa mdomoni mpaka likapoa. Mnajua Wahehe na Wangoni ni watani, tangu babu zao walipopigana. Asubuhi kambi iliamshwa na wale wawili kabla ya kengele.

"Mtumwa wangu hajaamka?" Komba anapiga kelele nje ya kibanda cha Kihwele. "Au umekwenda kutafuta mbwa wa kitoweo?"

"Nimeamka kitambo," Kihwele anajibu kutoka ndani. "Nilikuwa nakusubiri ulete maji ya kunawa, kama babu yako alivyomletea babu yangu."

Mgeni akisikia hayo hutafuta pa kujificha. Dereva wetu Shomari, aliyezaliwa Mbeya lakini wazee wake walitoka Bagamoyo, aliniambia wiki yake ya kwanza alilala na viatu miguuni akingoja vita vianze.

Jumapili kila kabila lilirudi kwao bila kuondoka kambini. Wabena walikwenda kutafuta pombe ya ulanzi kwenye mianzi ya jirani wakarudi wakiimba. Wanyakyusa walipika ndizi na kumfukuza yeyote asiyejua kuzimenya. Waliobatizwa misheni ya Tosamaganga walisali rozari chini ya turubai. Shomari alisoma msahafu wake. Na Fundi Kartar alifungua kilemba, akaosha nywele, akazianika juani, nyeupe, ndefu mpaka kiunoni, akiomba polepole. Mara ya kwanza watu walikuja kutazama. Mara ya pili Kihwele aliwatawanya. Akasema mtu akianika nywele zake hatazamwi, kama vile mtu anayekula.

Tulijua pia jinsi kila mtu anavyozikwa, maana kazi ya barabara inaua. Wengine huharakisha kabla jua halijazama, wengine husubiri ndugu wafike hata kama ni wa mbali. Wanyakyusa hulia mpaka unadhani dunia imekwisha, kisha hucheza ngoma mpaka unadhani ni harusi. Mimi niliwatengenezea masanduku wale wanaotumia masanduku. Fundi alisimama pembeni na futi yake, akikagua pembe kana kwamba marehemu angeleta malalamiko.

Halafu akafa Mzee Mgongolwa, Mhehe, mpasua mawe, kwa kifua. Kaburi likachimbwa, ndugu wakafika, wanawake wakalia. Tulipokaribia kushusha sanduku, Komba akaruka kaburini akalala chali, mikono kifuani.

"Hapa pangu!" akapiga kelele. "Huyu mtumwa haendi kabla ya bwana wake. Na nani alimpa ruhusa ya kufa siku ya kazi? Ni uvivu tu, namjua!"

Watoto wa Mgongolwa walikuwa wamekauka kwa kilio. Mmoja akaanza kucheka, huku machozi yanatoka. Mjane naye akafunika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika. Akamtukana Komba kwa Kihehe, matusi mazito. Wakamletea kuku, ada ya mtani ili atoke. Komba alimpima kuku uzito akiwa mlemle kaburini, akasema amekonda kama aliyemfuga, ndipo akatoka. Mzee akashushwa.

Tukiwa njiani kurudi, Fundi alitembea kati yangu na Komba. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, na siku ile alikuwa anacheka chini ya ndevu.

"Hii ni nzuri," akasema. "Kwetu hapana. Kwetu kulia tu, halafu kuomba, halafu moto."

"Moto?" Komba akauliza.

"Moto. Sisi naweka mtu juu ya kuni, mtoto wake nawasha, majivu nakwenda mtoni. Mimi maisha yote mbao, mwisho pia mbao." Akatembea kidogo, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya misumari, "Lakini mimi hapa nani mtani wangu?"

Komba akaanza kuhesabu makabila kwa vidole, akaishia njiani. Wangoni wana Wahehe. Kalasinga alikuwa na mkewe na mwanawe mwenye duka Mbeya, lakini katika kambi nzima hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumtukana.

Masika ya mwaka uliofuata mto ulipanda pande zote mbili. Daraja la muda likaenda na maji. Barabara ya Chimala ikakatika, ya Igawa ikawa ziwa. Bandani tulikuwa na mbao zote za daraja jipya, mninga uliokaushwa kwa zaidi ya mwaka, kila ubao ukigongwa unalia kama kengele. Inspekta alikuwa ameahidi wakubwa wake kwamba malori ya mpunga yatapita juu yake mara baada ya mvua.

Fundi akashikwa na homa. Tulimpa dawa iliyokuwa kwenye kisanduku cha kambi, Shomari akajaribu kuvuka na lori kwenda kuomba msaada, maji yakamrudisha akiwa ameloa mpaka kofia. Fundi hakulalamika. Alfajiri moja aliniomba nifungue dirisha, akataja jina la Mungu wake mara kadhaa, akanyamaza. Bangili yake ya chuma iligonga ukingo wa kitanda. Ndiyo sauti ninayoikumbuka.

Kihwele alituita sote kwenye turubai la wapishi.

"Tumzike leo," akasema. "Na kwa heshima. Yohana, una mbao za sanduku."

"Alisema moto," nikamwambia.

Watu wakaguna. Mnyakyusa mmoja akasema kwao moto ni wa mchawi. Kihwele akasema hata kwao mtu hachomwi, kinachochomwa ni nyumba ya mchawi, na kwamba mwana wa Fundi akija atatuuliza tulimfanya nini baba yake.

"Akija atakuta kaburi," nikasema. "Hilo ndilo atakalotuuliza."

"Na kuni ziko wapi? Tazama nje. Hata ugali jana uliiva nusu."

Hilo lilikuwa kweli. Msitu wote ulikuwa unatiririka maji. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, na kila mtu pale alikijua, lakini hakuna aliyetaka kukitaja. Nikakitaja.

"Mbao za bandani."

Kihwele akanigeukia.

"Zile ni za serikali, kijana."

"Najua."

"Inspekta atakufukuza. Ukipata bahati atakufukuza tu."

"Najua, mzee."

"Na wale wadogo zako watakula nini? Utawapelekea majivu?"

Tabitha alikuwa anakaribia kumaliza shule ya kati. Eliya alikuwa amepata viatu mwezi ule. Nilifikiria kwamba kaburi ni jambo jema, watu wengi wamelala makaburini wala hawalalamiki. Kisha nikamfikiria baba, na wale wanaume wa Lupa ambao bila shaka walimzika kwa heshima, kwa namna yao, wakaenda zao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawajui, basi. Mimi nilikuwa naambiwa nifanye kama wao, huku najua.

Nilikwenda bandani nikaanza kutoa vijiti. Nilishusha safu ya kwanza peke yangu. Nikishusha ya pili, nikahisi ubao umekuwa mwepesi. Upande wa pili alikuwa Komba. Baadaye akaja Kihwele, akakunja mikono ya shati lake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akashika.

Shomari alisema, "Moto siuwezi, dini yangu hairuhusu. Lakini kuosha maiti najua." Akamwosha kwa maji ya moto, akamchana nywele zile ndefu, akamfunga kilemba. Alikifungua na kukifunga tena mara nyingi mpaka kikakaa kama alivyokizoea mwenyewe. Bangili tulimwachia mkononi.

Mbao tulizipanga palepale bandani, maana ndiyo sehemu pekee ambayo ardhi haikuwa tope. Tulizipanga kama alivyonifundisha: safu, vijiti, safu, vijiti, upepo upite. Mpishi akaleta samli na mafuta ya taa ya kambi nzima. Mvua ikapumzika mchana. Tukamlaza juu.

Kisha tukasimama. Hakuna aliyejua nini kinafuata. Hakuna aliyejua sala zake zaidi ya jina lile moja, na nililitamka vibaya.

"Nani anawasha?" Kihwele akauliza.

"Mtoto wake."

"Mtoto yuko Mbeya. Mkubwa wa nyumba hapa nani?"

Wakaniangalia. Ukishakuwa kifungua mimba wa yatima, hata ukienda ugenini watu wanakunusa. Nilikuwa nimemfukia mama kwa mikono hii, nikiwa sijaota ndevu. Nikachukua mwenge.

Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Walisimama kama watu wanaoogopa wanachokifanya. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Komba, imepasuka, siyo yake ya kila siku.

"We Kalasinga!"

Kila mtu akageuka. Kihwele akanyanyua mkono kumzuia, kisha akaushusha.

"We Kalasinga, mchoyo! Tumekuomba kipande cha kuwashia moto, ukatufukuza! Mpishi amekula moshi masika mbili kwa ajili yako! Kumbe ulikuwa unajiwekea? Leo unazila zote peke yako?" Alikuwa analia, kamasi zinashuka, na hakuzifuta. "Amka basi! Amka uone huyu kijana wako anavyochoma mninga wa daraja! Amka umkaripie! Huamki? Haya, lala, mvivu we. Mimi ndiye mtani wako, nimejipa mwenyewe, na kuku wangu utanilipa hukohuko!"

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akishika tumbo, akasema, "Kweli, moshi nimekula mimi." Halafu wengine wakafuata, Wabena, Wanyakyusa, Wasangu wa jirani waliokuja kutazama, na Kihwele, aliyegeuka akatazama mto huku shingo yake ikitetemeka. Watu wakaanza kumsema marehemu, kila mmoja na lake. Nikawasha.

Ziliwaka vizuri. Mbao kavu haina moshi mwingi. Banda nalo likaenda, nyasi, nguzo na yote.

Majivu yalipopoa niliyakusanya kwenye debe la misumari, pamoja na bangili, nikalifunga kwa kitambaa. Kisha tukachimba shimo la kupasulia magogo, tukaangusha mininga ya karibu, na wapasuaji, mmoja juu na mmoja chini, wakavuta msumeno mchana kutwa kwenye mvua. Nilizigonga mbao zile. Zote zilikuwa bado zinakunywa.

Maji yalipopungua Inspekta alikuja. Alitazama mahali pa banda, akatazama mbao mbichi.

"Nini hapa?"

"Moto, bwana," Kihwele akasema.

"Na fundi?"

Nikatangulia kabla Kihwele hajajibu. Nilimweleza yote, nikasema mbao nilizitoa mimi. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema daraja lisimame siku ileile aliyoahidi, kwa mbao zilizopo. Na likipinda, nitalirekebisha mimi, kila mwaka, na nisije kumwomba kazi nyingine. Nilidhani amenisamehe. Baada ya masika kadhaa nikiwa ndani ya mto ule mpaka kifuani, nikibadilisha ubao mmoja baada ya mwingine, nilielewa kwamba hakuwa amenisamehe sana. Lakini wadogo zangu walikula, na Tabitha alimaliza shule.

Mwanawe Fundi alifika na lori la kwanza. Kijana wa umri wangu, amevaa suti, tope mpaka magotini. Nilimpa debe kwa mikono miwili. Alilishika akakaa chini palepale kwenye tope. Baadaye akauliza nani aliwasha.

"Mimi," nikasema. "Utuwie radhi. Wewe hukuwepo."

Alinyanyuka, debe kifuani. "Basi wewe ni kaka yangu mkubwa," akasema.

Tukaenda sote mtoni, akamwaga majivu. Aliniachia masanduku ya vyombo: randa, patasi, timazi. Randa ndiyo ile niliyowaachia karakana. Msiiweke kifudifudi juu ya chuma. Tangu siku hiyo alinitumia habari za kila jambo lake, ugonjwa, harusi, ugomvi na mkwewe, akitaka ushauri. Nilikuwa na wadogo watatu wa kuwahangaikia. Nikawa na wanne.

Hilo ndilo jibu la daraja. Lilipinda kwa sababu lilijengwa kwa uongo wa mbao mbichi, na sikulionea haya hata mara moja, ingawa mgongo wangu umelilipia. Sasa limewekwa la zege, na zege halina la kusikiliza.

Komba bado yupo. Anaishi Makambako kwa mjukuu wake, macho yamefifia, mdomo haujafifia. Wasafwa na Wangoni siyo watani kwa ninavyojua, lakini amekwisha kuniambia kwamba hilo halimzuii, alishajifunza kujipa. Wiki iliyopita alikuja kunitazama. Nikamwonyesha, darini, mbao chache za mninga nilizozipanga zamani kwa ajili ya sanduku langu, na vijiti katikati. Akazipapasa, akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kavu," akasema. Kisha akapaza sauti mke wangu amsikie jikoni: "Mama! Huyu naye mchoyo! Anzeni kufuga kuku!"

Nasikia Komba ameshamchagua mmoja, jogoo mwekundu. Mke wangu anamlisha.